Vijiko Viwili vya Maji ya Sukari

Zamani zile, ungemuuliza mtoto yeyote wa mtaa ule nyumba ya mtaalamu wa maabara iko wapi, angekukodolea macho tu. Ungesema Bwana Kijiti, angekushika mkono akupeleke mpaka mlangoni, na njiani angekuonyesha kwa kidole kijiti kilimwingia mpaka wapi. Kila mtoto alikuwa na habari yake. Mmoja angesema kilifika nyuma ya macho, mwingine kwenye ubongo, na kulikuwa na binti mmoja mwenye vishimo mashavuni aliyeapa kwamba chake kilitokea sikioni.

Mkewe hakulipenda jina hilo. Yeye alikuwa mwalimu wa sekondari, mtoto wa mwalimu mkuu, na alikulia katika nyumba ambamo baba aliitwa kwa cheo chake hata na mama. Alipoolewa alitazamia kuitwa mke wa mtaalamu. Badala yake, wiki ya kwanza tu katika nyumba ile ya vyumba vitatu iliyopakana na ukuta wa hospitali, mama mmoja alipiga hodi akauliza kama hapa ndipo kwa Mama Kijiti. Alimjibu kwa adabu kwamba hapa ni kwa Mwalimu. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Mwalimu, na mumewe naye akafuata, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea, mpaka mwisho wa siku zake.

Lakini kijiti hichohicho ndicho kilichowakutanisha. Ulikuwa mwaka wa mafua makali, nusu ya darasa iko kitandani, na hospitali ilimtuma shuleni kijana mmoja mrefu mwenye sanduku la barafu begani aje achukue sampuli za koo. Mwalimu alitaka kuwaonyesha wanafunzi mfano mwema, akaketi wa kwanza kwenye kiti mbele ya darasa. Kijana akamwambia, kwa sauti ya chini lakini bila kusita, afungue mdomo aseme aaa. Hakuna mtu aliyewahi kumwamrisha afungue mdomo mbele ya wanafunzi wake. Akafungua. Pamba ya ncha ya kijiti ikagusa koo, kichefuchefu kikamshika, macho yakajaa machozi, na wanafunzi arobaini wakanyoosha shingo kungoja mwalimu wao atapike. Yule kijana akasogea nusu hatua. Mgongo wake ukaziba darasa zima. Akainama, akajifanya anaandika jina kwenye kichupa, akaliandika kwa muda mrefu kuliko jina lolote linavyohitaji. Alipogeuka, Mwalimu alikuwa ameshajifuta uso na kuweka kitambaa mkobani. Baadaye aliwaambia rafiki zake kwamba alikubali kuolewa na mgongo ule kabla hajautazama uso vizuri.

Baba yake Mwalimu hakupinga, ila aliuliza mara tatu mshahara wa kazi hiyo unatoka ofisi gani. Aliyesema ovyo alitoka upande wa mume. Dada yake mkubwa, ambaye sasa alikuwa wifi wa Mwalimu, alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Kila akija kupumzisha miguu barazani alianza na wimbo uleule: kaka yake amesoma miaka yote ile, kumbe anakwenda kufuata kamasi za watoto wa watu. Bwana Kijiti hakukasirika kamwe.

“Dada, wewe unapima viuno vya watu, mimi napima mafua yao,” alimwambia siku moja. “Ila wateja wangu hawaniongopei kwamba wamepungua.”

Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu, nyuma ya wodi ya watoto. Mwalimu alikwenda pale mara nyingi miaka ile, shule ilipofunga mapema, akapita njia ya ukutani. Alikijua chumba kwa harufu kabla hajafika: spiriti, sabuni ya kipande, na rangi mpya ya mafuta isiyokauka vizuri. Madirisha yalikuwa yamebandikwa karatasi ya buluu kuzuia jua. Jokofu lilinguruma kwenye kona, likanyamaza ghafla, likaanza tena kama mtu aliyekumbuka jambo. Juu ya meza kulikuwa na vichupa vimepangwa kama wanafunzi gwarideni, kila kimoja na namba yake kwa mwandiko ulionyooka. Hapo mumewe alikuwa mtu mwingine. Nyumbani aliweza kutafuta miwani iliyoko usoni pake. Maabarani hakugusa kitu bila kujua kwa nini anakigusa.

Na alikuwa na mkono mwepesi. Hilo hata maadui zake, kama alikuwa nao, walikubali. Kijiti cha puani ni kitu cha kutisha, kirefu kama penseli mpya na chembamba kama njiti ya ufagio, na lazima kipelekwe mpaka kule nyuma kabisa, pua inapokutana na koo. Wanaokisukuma kuelekea juu wanamwumiza mtoto bure na hawapati kitu. Bwana Kijiti alikipeleka sambamba na kaakaa, polepole, huku akiuliza habari za kuku wa nyumbani au rangi ya viatu vya shangazi, na kabla mtoto hajajibu kimeshazungushwa na kutoka. Alijifunza mwelekeo ule kwenye mwanasesere wa binti yao. Kwa miaka mingi yule mwanasesere alikuwa na tundu moja la pua kubwa kuliko jingine, na binti yao aliwaeleza wageni kwamba ana mafua ya kudumu.

Pamoja na wepesi wote huo, wapo waliokimbia. Mwaka binti yao alipoanza darasa la kwanza, mama mmoja alikiona kile kijiti kinatoka kwenye karatasi yake, akamfunga mtoto mgongoni, akatokea mlango wa nyuma bila kuaga. Mtoto alirudishwa baada ya siku nne, mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Alilazwa wiki mbili, akapona. Lakini Bwana Kijiti aliliona lile kama kosa la kijiti chake. Wiki nzima alikula kimya. Alimwambia mkewe kwamba kipimo kinachowakimbiza watu hakiwezi kuitwa kizuri, hata kama mashine ya maabara inakisifu.

Kwa hiyo Daktari wa utafiti alipofika na swali lake, Bwana Kijiti aliona kama amejibiwa dua. Daktari huyo alikuwa mama mfupi, mwepesi wa kusema, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. Alitaka kujua jambo moja tu. Virusi vile vinavyoziba vifua vya watoto wadogo, je, ni lazima vifuatwe nyuma ya pua? Haviwezi kupatikana kooni, au hata kwenye mate? Ili kujua, kila mtoto atakayeletwa na kikohozi atachukuliwa sampuli tatu kwa saa ileile: kijiti kirefu cha puani, kijiti kifupi cha kooni, na sponji ndogo ya kunyonya mate shavuni. Zote tatu zitapimwa kwa mashine moja, kisha zilinganishwe. Kama mate yatawaona wagonjwa karibu sawa na pua, basi zahanati ndogo zisizo na mkono mwepesi zitaweza kuwapima watoto bila kumkimbiza mtu. Vituo viwili vilichaguliwa. Hospitali yao ilikuwa kituo cha kwanza.

Bwana Kijiti aliyatakia mate ushindi kama watu wanavyoitakia timu yao. Alirudi jioni akahesabu watoto wa siku hiyo mezani. Mwongozo wa Daktari, kitabu chembamba chenye jalada la kijani, alikijua kwa moyo. Mwongozo ulisema mtoto asiwe amekula wala kunywa kitu kwa nusu saa, na katika hilo hakuwa na mchezo. Alisimama mlangoni akawahoji akina mama kama askari wa forodha. Amekula? Amenyonya? Amepewa hata maji? Aliyejibu kwa kusitasita aliketishwa kwenye benchi mpaka nusu saa iishe kwa saa ya ukutani.

Na vichupa vyake vya mate vikawa vizuri kuliko vya mtu yeyote. Vilijaa mpaka mstari. Kituo cha pili walileta sponji kavu, zimelowa upande mmoja tu. Daktari alimsifu mbele ya watu, akasema kama wote wangejaza kama kituo cha kwanza kazi ingekuwa tamu. Mwalimu alilipeleka neno hilo shuleni, akalisema kwenye chumba cha walimu kana kwamba limemtoka bahati mbaya, na akalisema tena kesho yake kwa ajili ya waliokuwa hawapo. Hata baba yake mzee aliandikiwa barua.

Miezi saba ikapita hivyo. Kisha majibu ya kwanza yakatoka, na Bwana Kijiti akarudi nyumbani akaweka kofia mezani, si kwenye msumari wake. Alimweleza mkewe taratibu. Kati ya kila watoto ishirini ambao pua ilionyesha wana virusi, koo liliwaona kumi na watano. Mate yaliwaona tisa. Tisa kati ya ishirini ni sawa na kurusha sarafu. Daktari alikuwa tayari kuandika kwamba mate hayafai. Kitu kimoja tu kilimzuia: kituo cha pili, pamoja na sponji zao kavu, walipata kumi na saba. Hakuelewa. Akaagiza kila kituo kiandike hatua kwa hatua, tangu mtoto anapoingia mlangoni mpaka kichupa kinapoingia kwenye barafu, bila kuruka kitu.

Bwana Kijiti aliandika kurasa tatu. Jumamosi alasiri, binti yao akiwa nje anaruka kamba, alimpa mkewe azisome, maana hakuwahi kupeleka andiko lolote kwa wakubwa bila kalamu nyekundu ya Mwalimu kulipitia. Mwalimu aliketi karibu na dirisha, akaanza. Alisahihisha nukta hapa, neno kule. Kwenye ukurasa wa pili kalamu ikasimama.

“Hivi vijiko vimetoka wapi?” aliuliza.

“Vijiko gani?”

“Mstari wa kumi na mbili. Baada ya pua na koo, mtoto hupewa vijiko viwili vya maji ya sukari ili atulie. Kisha sponji huwekwa shavuni.”

Alimweleza bila wasiwasi wowote. Mtoto akishaguswa pua na koo analia, na mtoto anayelia mdomo unakauka na hataki kitu kingine kimkaribie. Ukimpa maji matamu ananyamaza, anakuangalia kama rafiki, na sponji inalowa mara moja. Hata kijiko chenyewe alikichukua hapa nyumbani, kile cha maua. Mwalimu alikitafuta kijiko hicho miezi mingi, na kwa kimya chake alikuwa amemshuku wifi yake. Lakini wakati huo hakukumbuka kijiko. Alikuwa ameuvuta ule mwongozo wa kijani kutoka chini ya magazeti, akaufungua, akaweka kidole.

“Hapa wamesema mtoto asile wala kunywa kwa nusu saa.”

“Hiyo nawauliza mama zao mlangoni. Hakuna anayepita.”

“Na akishapita mlango?”

Bwana Kijiti alifungua mdomo ajibu. Mwalimu hakuwahi kuisahau sura ile. Mume alikuwa mtu wa sayansi, na yeye mtu wa lugha, lakini yeye ndiye aliyeisoma sentensi kama ilivyoandikwa. Mumewe alikuwa ameisoma kama inawahusu akina mama tu. Akaona uso wa mumewe ukimshuka taratibu, hesabu ikijipanga nyuma ya macho yake. Sponji zile zilizojaa mpaka mstari zilijaa maji yake mwenyewe. Virusi vya watoto vilikuwa vimeoshwa na kumezwa pamoja na sukari, na mate yaliyobaki yalikuwa yamezimuliwa.

Nje kamba ilipiga chini, ikapiga, ikapiga.

“Watoto wangapi?” aliuliza Mwalimu.

“Mia mbili na thelathini na moja.”

Sasa lazima isemwe alichofanya Mwalimu, kwa sababu nyumba hiyo haikujengwa kwa kuficha. Aliinua kalamu yake nyekundu, akaupiga mstari wa kumi na mbili, ncha mpaka ncha. Alimwambia mumewe azinakili kurasa upya bila huo. Alisema kwa sauti ileile ya darasani, akitaja sababu moja baada ya nyingine: kwamba hakuvunja kitu kwa makusudi, kwamba alisifiwa mbele za watu, kwamba baba yake ameandikiwa barua, kwamba mtoto wao amebeba jina hili shuleni na ndiyo kwanza anajifunza kuliandika.

“Nani aliona?” alimaliza.

“Sista wa wodi aliona. Na watoto.”

“Sista ni mtu wako. Na watoto hawaitwi kutoa ushahidi.”

Bwana Kijiti alicheka kidogo, cheko la mtu mwenye jino bovu. Kisha akasema, “Mwalimu, nikiufuta, yataandikwa mate hayafai. Na mate hayana kosa.”

“Mtu hulinda kwake kwanza.”

Bwana Kijiti alikusanya kurasa zake tatu, akazipanga kingo kwa kingo, akazipeleka kwenye meza ndogo ya chumbani. Mwalimu alimsikia akinakili mpaka jua lilipohama ukutani. Jumatatu asubuhi bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi, na yeye hakuuliza mstari wa kumi na mbili umo au haumo. Alikuwa na haki ya kuuliza. Hakutaka kujua kwamba ametiiwa, wala hakutaka kujua kwamba hakutiiwa.

Alijua siku ya Alhamisi, na si kwa mumewe. Alikuwa chumba cha walimu anasahihisha insha. Mwalimu wa hesabu, ambaye mdogo wake alikuwa mfamasia hospitalini, aliingia akawa anawasimulia wenzake kwa chinichini, lakini ile chinichini ya kutaka kusikika. Bwana Kijiti, alisema, kumbe alikuwa anawanywesha watoto sharubati ndani ya maabara. Ameandika mwenyewe. Daktari amesoma mbele ya wote, akavua miwani, akasema sampuli zote za mate za miezi saba zimwagwe. Sasa huko hospitali wanamwita Bwana Sukari.

Watu wakacheka, kisha wakamwona. Mwalimu alimalizia insha aliyokuwa nayo, akaipa alama zake, akafunika kalamu. Alitoka akiwa amenyoosha mgongo kama alivyofundishwa na baba yake. Barabara ya kurudi nyumbani haikuwahi kuwa ndefu vile. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa na pande mbili zisizoelewana: kwa nini hakumsikiliza, na kwa nini yeye, binti wa mwalimu mkuu, ndiye aliyetoa ushauri ule.

Barazani alimkuta wifi yake, viatu vimevuliwa, anajipepea kwa kipande cha gazeti. Habari ilikuwa imeshafika kwa cherehani. Wifi hakungoja hata salamu ikauke.

“Wifi, nimesikia kaka yangu ameharibu kazi ya watu.”

Mwalimu alikuwa na jibu lililokwisha kupangwa njiani, la kukana nusu na kunyamaza nusu. Halikutoka. Kilichotoka ni hiki: “Kuharibu wanaharibu wengi, wifi. Aliyeharibu akaandika kwa mkono wake, akatia sahihi, huyo umesikia yuko nyumba gani nyingine hapa mtaani?”

Wifi alinyamaza, jambo ambalo halikuwa la kila wiki. Alijipepea mara mbili tatu.

“Basi tia chai,” alisema mwisho. “Akirudi asitukute tumekaa kama matanga.”

Bwana Kijiti alirudi kwa miguu, sanduku la barafu halina kitu. Alisimama chini ya ngazi akimtazama mkewe, kwa mara ya kwanza tangu waoane bila kujua atapokelewaje. Mwalimu alimpokea sanduku. Akamwambia maji ya kuoga yako tayari, na kwamba ule mstari angeuandika vizuri zaidi kama angemwachia aupange upya. Mumewe alicheka mpaka akashika nguzo.

Daktari hakuwa mtu wa kupaka mafuta. Alimwambia Bwana Kijiti waziwazi kwamba amempotezea miezi saba na kwamba wengine wangemfukuza. Kisha akampa miezi minne. Kama anaweza kuanza upya, aanze. Kama hawezi, kazi itahamia kwingine. Alichokifanya Bwana Kijiti baada ya hapo kilikuwa chepesi mpaka kinachekesha, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyekifikiria. Aligeuza mpangilio. Mate yakawa ya kwanza, mtoto anapoingia tu, kabla hajajua chumba hiki ni cha namna gani. Alimpa sponji aishike mwenyewe aiweke shavuni, wakahesabu pamoja mpaka sitini, na asiyejua kuhesabu alihesabiwa na mama yake. Koo likafuata. Kijiti kirefu kikawa cha mwisho, na baada yake, kila kitu kikiwa kwenye barafu, mtoto alilipwa maji yake ya sukari kwa kijiko cha maua. Mwalimu hakukidai tena.

Jioni za miezi ile minne zilikuwa njema kuliko zote alizokumbuka. Alipita maabarani akitoka shule, akaketi kwenye stuli karibu na jokofu na insha zake, mumewe akiandika namba kwenye vichupa, mwanga wa karatasi ya buluu ukiwafanya wote wawili waonekane kama wako chini ya maji. Sponji sasa zilikuja zimelowa nusu tu, kama za kituo cha pili. Hakukuwa na mtu wa kusifia vichupa visivyofika mstari. Sista wa wodi alipita akachungulia, akauliza kama hapa ni maabara au chumba cha uchumba.

Majibu yalipokuja, mate yaliwaona kumi na saba kati ya ishirini. Koo lilibaki palepale, kumi na tano. Pua iliendelea kuongoza, na Bwana Kijiti hakuwahi kumruhusu mtu aseme vinginevyo: mwenye mkono uliofundishwa na mtoto aliyetulia, kijiti kirefu ndicho bora. Lakini kwa zahanati ndogo, na kwa mama aliyeshika kitasa cha mlango wa nyuma, mate yalitosha. Mwaka uliofuata yakaanza kutumika.

Ripoti ilichapwa. Jina lake lilikuwamo, la nne, herufi ndogo. Na ukurasa wa sita palikuwa na sentensi kwamba sampuli za mate za miezi saba ya mwanzo za kituo cha kwanza ziliondolewa kwa sababu watoto walipewa kinywaji kabla ya kuchukuliwa mate. Mwalimu alipendekeza nakala ya nyumbani ifungwe kwa jalada gumu na ukurasa huo ubaki umegandana kidogo. Mumewe aliiweka kwenye rafu ya sebuleni ilivyo.

Hakuishia hapo. Alipopewa wanafunzi wa kufundisha, na aliwafundisha miaka kumi na tisa, somo la kwanza kila mwaka lilikuwa lile. Aliwasimulia yeye mwenyewe, na kunogesha akanogesha, akaiga sauti yake alipokuwa anawahoji akina mama mlangoni. Kila mwaka kundi jipya la vijana lilitoka likimcheka mwalimu wao. Hilo lilimuuma Mwalimu. Kuandika mara moja kwenye ripoti ni uungwana. Kulitangaza kila Januari ni nini? Siku moja alimwuliza, wakati anamkata kucha, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Alifikiri. “Wakilisikia kwangu wanacheka,” alisema. “Wakicheka hawasahau.”

Alistaafu kimya, akaishi miaka minane zaidi, akapima watoto wa jirani kwa macho tu akiwa kibarazani: huyu mafua ya kawaida, huyu mpelekeni leo hii. Alikufa Machi, kwenye wodi ya ukumbi uleule aliofanyia kazi, milango mitatu kutoka maabara.

Wiki moja baada ya mazishi walikuja watu wa hospitali kumpa pole mjane. Walijaa sebuleni, wengine wakakaa kwenye mikono ya viti. Mkuu wa maabara wa sasa, mmoja wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kabisa, mtu mzima mwenye kitambi na tai, alisimama aseme machache. Alisifu mwandiko. Alisifu mkono. Akafika kwenye utafiti, akasema marehemu alifanya kazi ile kwa miezi saba, na hapo akakutana na macho ya Mwalimu. Akasema basi, kwa ufupi, kazi ilikwenda vizuri sana na matunda yake tunayaona. Binti yao, aliyesimama mlangoni na trei ya chai, alishusha pumzi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Wifi, mzee sasa, alitazama sakafu.

Mwalimu aliona jinsi mumewe anavyoondoka tena, safari hii kwa adabu, akibaki mtu yeyote mwema wa mahali popote. Aliweka kikombe chake chini.

“Mwanangu, umeruka,” alisema. “Rudi kwenye miezi saba. Sema alichowapa watoto.”

Yule bwana aliangalia tai yake, akamwangalia binti, akamwangalia yeye. “Mama, nisimulie vile alivyokuwa anasimulia yeye?”

“Vilevile. Na sauti ya mlangoni uiweke.”

Akalegeza tai. Akasogea mpaka kizingiti cha sebule, akasimama miguu kando kama askari wa forodha, akakunja uso, na kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu mwenyewe apelekwe wodini akamwuliza shangazi mmoja aliyekaa karibu kama mtoto amekula, amenyonya, amepewa hata maji. Kicheko kilianzia kwa wifi. Kilipomfikia Mwalimu, naye alicheka, mkono kifuani, mgongo umenyooka, akingoja sehemu inayofuata.